Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: vitabu vya watoto wetu vitoke stoo

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri
Nakala: Idara ya Elimu ya Awali na Msingi, Idara ya Elimu ya Sekondari, Uthibiti Ubora wa Shule, Waheshimiwa Madiwani

YAH: VITABU VYA KIADA NA ZIADA KUTOWAFIKIA WANAFUNZI

Ndugu Mkurugenzi, salaam.

Tunakuandikia hadharani kwa sababu njia ya kawaida imegoma. Tumepitia kwa wakuu wa shule, tumepitia kwa Maafisa Elimu Kata, tumeleta barua masjala zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu limekuwa lile lile: suala linafanyiwa kazi. Muhula unakwisha na mwingine unaanza, kazi yenyewe hatuioni. Hatutaji hapa jina la halmashauri wala la shule yoyote, maana hatumtafuti mtu wa kumwaibisha. Anayehusika anajijua, na muda wa kurekebisha kabla ya shule kufunguliwa Januari bado upo.

Wengi wakizungumzia vitabu husema ni vichache. Kwa baadhi ya masomo ni kweli. Kinachotuuma zaidi ni vile ambavyo Serikali imekwisha kuvilipia, vimesafirishwa kutoka Dar es Salaam, vimeshushwa vikahesabiwa, na hakuna mtoto aliyewahi kuvifungua. Unajua kuliko sisi kwamba katika ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi, 4,000 hubaki Serikali Kuu kwa ajili ya vitabu, na kwa sekondari ni 12,500 kati ya 25,000. Kwa hiyo kila mtoto anayekaa watano kwenye kitabu kimoja ana fedha yake iliyokwisha kutengwa. Haya ndiyo tunayolalamikia.

1. Vitabu vinagawiwa kwa katoni, hesabu ya wanafunzi haitazamwi.

Tuseme kata ina shule mbili. Darasa la nne la shule ya kwanza lina watoto 45, la shule ya pili lina 180. Jumla ni watoto 225. Zinakuja katoni sita za kitabu cha Hisabati, kila katoni nakala 40, jumla vitabu 240. Vinatosha na kubaki 15. Lakini lori linashusha katoni tatu hapa na tatu pale, ili pasiwe na maneno ya upendeleo. Shule ya kwanza inabaki na vitabu 75 visivyo na mwenyewe, ya pili inakosa 60. Kwenye taarifa ya halmashauri uwiano unasomeka kitabu kimoja kwa mtoto mmoja, na taarifa haidanganyi kihesabu. Darasani watoto 60 hawana kitabu.

Shule shikizi, zile ndogo zilizo chini ya uangalizi wa shule mama, ndizo zinazoumia kuliko zote. Vitabu vyao huandikwa kwenye leja ya shule mama na hukaa huko huko. Mwalimu wa kujitolea wa shikizi akivifuata huambiwa asubiri mwalimu mkuu arudi kutoka kikaoni.

2. Mwalimu anaogopa kutoa kitabu.

Hapa ndipo penye mzizi, na tunakuomba upasome taratibu. Kitabu kikipotea mikononi mwa mtoto, mwalimu wa taaluma anaandikiwa barua ya kujieleza. Kitabu kikioza stoo, hakuna anayeulizwa. Mtu mwenye akili timamu akiwekewa masharti hayo atafanya nini? Atafunga mlango, na ufunguo ataweka mfukoni. Siku ya ukaguzi atatoa katoni zake zikiwa na gundi ya kiwandani na atasifiwa kwa utunzaji mzuri. Hatuwalaumu wenzetu hawa. Utaratibu ndio unaowafundisha kwamba kitabu salama ni kile kisichosomwa.

Kitabu cha darasa la kwanza kinachotumika kila siku hakikai miaka mingi. Kuchakaa kwake si uzembe wa mtu, ni kazi kimefanya. Leja iwe na safu ya vilivyochakaa kwa matumizi na safu ya vilivyopotea, na halmashauri ikubali kwa maandishi kwamba upungufu wa hadi asilimia 10 kwa mwaka hauna barua ya kujieleza. Ukizidi hapo, aulizwe mtu.

3. Stoo zenyewe zinaua vitabu.

Ukanda wetu wa pwani, kuanzia Kilwa hadi Lindi na Mikindani, una hewa nzito ya unyevu. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu huanza kuota kwenye karatasi. Stoo nyingi ni chumba kimoja chenye dirisha lililopigwa mbao, na katoni zimepangwa juu ya sakafu ya saruji hadi karibu na bati. Sakafu hunyonya maji kutoka chini, katoni ya chini nayo hunyonya kutoka sakafuni. Kisha mchwa. Mchwa hapandi hadharani. Huingilia kwenye ufa wa sakafu na kupenya moja kwa moja chini ya katoni, hivyo kwa nje huoni kitu. Siku ya kuinua, katoni ambayo ingekulemea inakuja nyepesi. Ukiifungua, jalada la juu linang'aa kama lilivyotoka kiwandani, chini yake ni udongo.

Dawa yake si ya gharama. Katoni zikae juu ya chaga za mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni na 10 kutoka ukutani, ili hewa izunguke na njia ya mchwa ionekane mapema. Dirisha lipigwe wavu na lifunguliwe kila siku ya jua. Kila mwezi katoni ya chini ihamishiwe juu. Bati likivuja na vitabu vikalowa, visiachwe kwenye rundo, kwani ndani ya siku mbili ukungu huwa umeshaingia, na kurasa zenye picha za kung'aa zikikauka zikiwa zimebanana hazifunguki tena. Visimamishwe kivulini penye upepo, vimefunguliwa kama feni, na kati ya kurasa chache chache ichomekwe karatasi safi inayobadilishwa ikilowa. Visianikwe kwenye jua kali, kwa sababu vitapinda na gundi itakatika.

Vitabu vingi vya shule vimebandikwa mgongoni kwa gundi tu, havikushonwa. Ndiyo maana baada ya muhula mmoja kurasa huanza kudondoka, na hapo watu hukimbilia selotepu. Selotepu baada ya muda hugeuka njano, hukauka na kung'oka na maandishi. Njia inayodumu ni hii: panga kurasa zote kwa namba, gonga mgongo mezani hadi ulingane, bana kitabu kati ya vipande viwili vya ubao, toboa matundu matano kwa shazia, milimita 5 kutoka mgongoni, pitisha uzi wa nailoni kwenda na kurudi, funga fundo, paka gundi nyeupe ya mbao mgongoni, rudisha jalada, weka mzigo juu yake hadi kesho. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaweza kufundishwa kazi hii kwa kipindi kimoja. Chupa moja ya gundi na gurudumu la uzi vinaokoa vitabu vingi ambavyo leo vinaitwa vibovu.

4. Mitaala miwili, stoo moja.

Tangu Januari 2024 mtaala mpya unaingia kwa awamu, na madarasa yaliyotangulia yanamalizia ule wa zamani. Kwa hiyo vitabu vya Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili viko stoo moja na vya Jiografia na Mazingira na Historia ya Tanzania na Maadili. Majalada yanafanana rangi, na anayegawa akiwa na haraka anawapa watoto wa mtaala mpya kitabu cha zamani. Mwalimu anayelijua somo lake atagundua wiki ya kwanza. Mwalimu aliyehamishiwa juzi anaweza kufundisha nusu muhula kwa kitabu kisicho chake.

Kuna jambo kubwa zaidi linalokuja, na tungependa kuona mpango wake. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inaishia darasa la sita badala ya la saba. Darasa la tatu la 2024 ndilo litakalomaliza elimu ya msingi likiwa darasa la sita mwaka 2027, na mwaka huo huo darasa la saba la mwisho nalo litamaliza. Januari 2028 makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Madarasa yanazungumzwa, madawati yanazungumzwa. Vitabu hatujavisikia.

5. Fasihi inasomwa bila vitabu.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne anatakiwa asome diwani, riwaya na tamthiliya, na swali la mtihani humtaka atoe hoja kutoka kwenye vitabu viwili. Wengi wanaingia chumba cha mtihani wakiwa wamesoma uchambuzi tu: kitini cha kurasa chache kilichorudufiwa mpaka herufi zimefifia, chenye dhamira, wahusika na mifano miwili ya tamathali za semi. Msahihishaji anakutana na mfano ule ule, kosa lile lile la jina la mhusika, karatasi baada ya karatasi. Mtoto hajawahi kukutana na sentensi hata moja ya mwandishi. Hiyo haiwezi kuitwa fasihi.

Na kwa nini iwe hivyo, wakati mahitaji ni madogo? Chukua kidato chenye wanafunzi 120 na vitabu teule sita. Ukinunua nakala sita za kila kimoja, una vitabu 36. Kila mwanafunzi akikaa na kitabu wiki moja na kukirudisha Ijumaa, kwa wiki 20 wanafunzi wote 120 watakuwa wamesoma vitabu vyote sita. Kinachotakiwa ni daftari la kuazimisha, ratiba iliyobandikwa ukutani, na mwalimu mmoja mwenye ufunguo na nusu saa ya Ijumaa. Vivyo hivyo kwa fasihi ya Kiingereza.

6. Sayansi.

Tunalieleza kwa kifupi. Mtoto anafundishwa sayansi kwa Kiswahili hadi anamaliza msingi, kisha kidato cha kwanza anapewa kitabu cha Kiingereza. Bila kamusi ya lugha mbili mezani, kitabu kile ni picha tu. Tunaomba kamusi moja kwa kila wanafunzi wanne wa kidato cha kwanza. Pili, miongozo ya majaribio ya fizikia, kemia na bayolojia ikae maabara, ambako mtoto anashika bureti na pipeti, isikae ofisini.

7. Vitabu vya dini.

Elimu ya Dini ya Kiislamu na Maarifa ya Biblia ni masomo yanayotahiniwa na Baraza la Mitihani, yana muhtasari wake kama masomo mengine. Huku kwetu pwani misikiti na madrasa ni nyingi, ukienda Masasi na Ndanda utakuta misheni za muda mrefu, na taasisi za dini zote mbili huchangia vitabu kwa moyo. Vinapofika shuleni haviandikwi kwenye leja kwa kuwa si mali ya Serikali. Kitabu kisichoandikwa hakina mwenyewe. Mwezi wa pili hakionekani. Kuna pia shule ambako mkuu huvifungia akihofia kuonekana anaegemea upande. Tunaomba waraka mfupi wa halmashauri: msaada wa kitabu cha dini upokelewe kwa hati, uandikwe, ulinganishwe na muhtasari unaotumika, na uwekwe rafu moja iliyo wazi, Uislamu na Ukristo pamoja. Hofu ya upendeleo itaisha yenyewe watu wakiona rafu.

8. Mtoto wa Kusini hajikuti kwenye rafu.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Vita ya Majimaji ilianzia kwenye vilima vya Umatumbi mwaka 1905. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 imesimamishwa Berlin, na kiunzi cha mnyama mmoja kina kimo cha zaidi ya mita 13. Mwalimu wa historia anayetaka kwenda zaidi ya aya moja ya kitabu cha kiada hana pa kushika. Mwalimu wa bayolojia naye anafundisha kuvu kwa mifano ya mbali ilhali ubwiri unga uko kwenye maua ya mkorosho nje ya dirisha, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kiko hapo jirani Mtwara. Tunaomba kila shule ya sekondari iwe na kona ya Kusini: vipeperushi vya korosho na ufuta, ramani za wilaya, makala za historia yetu. Hii ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika barua hii, kwa sababu vingi vyake hutolewa kwa kuomba.

Ndugu Mkurugenzi, tunajua tutakachoambiwa.

Tutaambiwa barabara. Ni kweli, Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua vilikata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga, na kila masika njia za Liwale na vijiji vya ndani hugeuka tope. Lakini mvua za Kusini zina msimu mmoja unaojulikana, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mzigo unaotoka makao makuu ya halmashauri Oktoba unafika. Unaotoka Februari unakwama. Na zile katoni zilizolala kwenye ofisi za kata zimeshavuka Somanga zamani. Kilichobaki ni nauli ya pikipiki kwenda kijijini.

Tutaambiwa vitabu vyote viko mtandaoni. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ni msaada mkubwa kwa mwalimu anayeandaa somo, tunaitumia na tunashukuru. Mwanafunzi wa shule ya Serikali haruhusiwi kuja na simu, nyumbani bando ni la kubahatisha, na mchoro wa moyo uliobanwa kwenye kioo cha simu hausomeki. Kama halmashauri inataka njia ya kidijiti, ipo isiyohitaji intaneti: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye Kolibri na Kiwix, programu za kusoma masomo na vitabu bila intaneti, ikirusha kwa Wi-Fi ya ndani ya shule. Yenyewe na ruta yake havizidi wati 15. Kwa saa 8 ni wati-saa 120, mzigo ambao paneli ya sola ya wati 50 na betri ya volti 12 yenye ampea-saa (Ah) 40 zinaumudu. Tatizo la kawaida ni kadi ya kumbukumbu kuharibika umeme ukikatika ghafla, hivyo nakala ya pili iwekwe kwenye kadi nyingine tangu siku ya kwanza. Ije kama nyongeza, isiwe sababu ya kuacha kuleta karatasi.

Tutaambiwa wazazi wachangie. Fedha ya korosho huingia kati ya Oktoba na Januari. Mei nyumba nyingi hazina kitu. Na kitabu cha kiada hakikuwahi kuwa mzigo wa mzazi tangu elimu bila malipo ianze 2016.

Tunachoomba ni haya:

(i) Kabla ya tarehe 31 Oktoba, kila shule ihesabu vitabu kwa somo na darasa, kwa safu nne: idadi ya wanafunzi, vitabu vizima, vinavyoweza kushonwa, na upungufu. Vya mtaala wa zamani na mpya vihesabiwe mbalimbali. Hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na wa kata.

(ii) Kabla ya 30 Novemba, ziada ya shule moja ihamishiwe shule yenye upungufu ndani ya kata, kwa hati, na leja zote mbili zirekebishwe. Shule shikizi ziwe na leja zake.

(iii) Itolewe barua ya halmashauri kuhusu ile asilimia 10 tuliyoieleza kwenye hoja ya pili. Bila barua hii mengine yote yatabaki kwenye karatasi.

(iv) Chaga, wavu wa dirisha, gundi na uzi viingizwe kwenye matumizi ya kawaida ya shule, visiitwe miradi.

(v) Kila kata iwe na masanduku ya vitabu vya ziada yanayozunguka. Sanduku la mbao la sentimita 60 kwa 40 kwa 30 linabeba vitabu vyembamba 60 hivi na linafungwa nyuma ya pikipiki. Kata yenye shule nne ikiwa na masanduku manne, na kila moja likahama kila nusu muhula, kila mtoto atapitiwa na vitabu 240 kwa mwaka. Ndani yake viwemo vya sayansi, jamii, fasihi na dini, kila kundi na rangi yake mgongoni.

(vi) Vitabu vya nukta nundu na vya maandishi makubwa kwa wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu vipelekwe moja kwa moja kwenye shule walipo, na orodha yake itolewe peke yake, isifichwe ndani ya jumla.

Tunaomba jibu la maandishi na kikao kimoja na wataalamu wako. Kazi ya kuhesabu na kushona tutaifanya wenyewe siku za Jumamosi. Tunachohitaji kutoka kwako wiki hii ni barua ya kuruhusu stoo za kata na za shule zifunguliwe mbele ya mwalimu wa taaluma na mjumbe mmoja wa kamati ya shule.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Walimu wa taaluma, walimu watunza maktaba na wazazi wa kamati za shule
Lindi